Siku Wanawake Walipoingia Pango la Mabwe

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, huko kwetu nyuma ya vilima vya Kongwa, niliamini kwamba mlima una mapafu. Wala si mimi peke yangu, kijiji kizima tuliamini. Mlima wetu tuliuita Mabwe. Ulikuwa rundo la mawe makubwa makubwa, kana kwamba jitu lilikuwa linajenga likaitwa kwenda kula, na ubavuni mwake palikuwa na pango. Pango lenyewe halikuwa refu. Ukiingia unakuta uwazi wa kutosha mbuzi wachache, kisha unagota kwenye ukuta wa mawe na udongo ulioporomoka zamani, kabla ya babu wa babu zetu. Lakini kwenye nyufa za ukuta ule kulikuwa na pumzi. Jua likiwaka hata mawe yanalia, pumzi ya baridi ilitoka humo ikakugusa shingoni, na mchungaji aliyepita chini ya mlima alikaza mwendo bila kugeuka.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha adabu ya pango lile. "Kinachopumua kina kifua," alikuwa akisema huku akichambua mlenda, "na mwenye kifua ana hasira. Msimchokoe." Nyuma ya ukuta, alisema, wamekaa wazee waliotutangulia, wale wa zamani kabisa, na mvua wameishika wao. Mwanaume aliruhusiwa kufika mpaka ukutani, tena mara chache, akiwa na kondoo mweusi, akiongozwa na Mzee Chilewa aliyerithi ulinzi wa pango kutoka kwa baba yake. Mwanamke hakutakiwa hata kuweka kivuli chake mlangoni. Akiingia, mvua itanuna, na tumbo lake litafungwa kama ghala.

Juzi hapa tumekaa nje, huku Chang'ombe ninakoishi sasa, mjukuu wangu akanionyesha kwenye simu yake watu wenye kofia ngumu na taa kwenye paji la uso, wamelala kifudifudi wanachimba tope ndani ya pango. Walipotoboa wakakuta chumba kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukiona, watu wazima wale walikumbatiana wakalia. Mjukuu wangu akacheka. "Sasa Bibi, hawa wanalilia nini? Shimo tu." Nikamwambia, wewe acha tu. Mimi najua wanachokililia.

Mwaka ninaousimulia, mvua ilikuja kidogo kama mate ya mgonjwa, ikakoma. Mtama ulikauka ukiwa magotini. Korongoni, tulikokuwa tukichimba mchanga na kusubiri maji yajikusanye, tulichimba mpaka mtu aliyeko shimoni haonekani, na alichopandisha juu kilikuwa matope. Kisha ng'ombe wakaanza kuanguka. Anasimama, anatetemeka, anapiga magoti kama anayesali, basi.

Wanaume wakakaa kikao wakaamua kuhamia mbuga za Bahi, pamoja na mifugo na watoto. Ni safari ya kulala njiani usiku mwingi. Na bibi yangu hakuwa mtu wa kutembea. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, alitambaa kutoka kitandani mpaka mekoni, na siku akifika mlangoni tulimpongeza. Baba akasema, akiangalia pembeni, kwamba mama yake atabaki na wazee wengine wasiojiweza, wataachiwa maji ya kwenye madebe, na mvua ikirudi tutarudi.

Bibi akacheka. "Mguu huu umekataa kwenda chooni, utakubali kwenda Bahi? Niacheni. Nyinyi nendeni mkafe mmechoka, mimi nitakufa nimepumzika."

Hakuna aliyecheka naye. Mama yangu, ambaye alikuwa mke wa mwanawe tu, hakuwa damu yake, aliinuka akatoka nje. Mimi nililala ubavuni kwa Bibi kila siku ya maisha yangu. Nilijua debe la maji linakaa muda gani.

Lakini huwezi kuhama na mkosi, utakufuata huko uendako. Kwa hiyo kabla ya safari ilibidi wanawake waufukuze. Kwetu ilikuwa hivi: ng'ombe wakipatwa na mkosi, wanawake wanageuka wanaume. Kuanzia jua linapochomoza mpaka linapotua, wanawake wanavaa lubega, wanashika fimbo na mikuki, wanafungua zizi na kuchunga, na jioni wanaupeleka mkosi upande wa machweo na kuutupa huko. Na wanaume siku hiyo ni wanawake. Wanasaga, wanapika, wanabeba watoto mgongoni, na hawagusi fimbo ya ng'ombe hata iwadondokee mguuni. Mwanaume akivunja, mkosi unarudi zizini kwake mwenyewe na hautoki tena. Haukuwa mchezo, ingawa tulicheka sana.

Asubuhi ile aliyechekesha zaidi ni shangazi yangu Sechelela, dada yake baba, mwanamke mwenye mdomo kama filimbi ya refa. Mikuki ilikuwa imeshachukuliwa na wengine, basi akabeba begani mtalimbo wa baba, chuma kizito kilichookotwa kwenye mashamba ya karanga, yale ya Wazungu yaliyowashinda wakaacha vyuma vimelala porini. Kiunoni alining'iniza kibuyu cha ugoro. Akapita mbele ya wanaume waliokaa chini kwenye mawe ya kusagia, akawasalimia kikwetu kwa sauti nzito: "Mbukwenyi, akina mama! Chakula kiwe tayari tukirudi, na nisikute ugali mbichi!"

"Mbukwa, mume wangu," akajibu Mzee Chilewa kwa sauti nyembamba, mzee mzima yule, unga mpaka kwenye nyusi. Kijiji kikaangua kicheko. Baba yangu naye alikuwa na mdogo wangu mgongoni, amefungwa na kanga, na mtoto ameshamkojolea.

Tukachunga. Na mimi nilivaa lubega, kipande cha shuka kilichofungwa begani, nikapewa fimbo. Tulielekea machweo kama inavyotakiwa, na machweo yetu ndiko ulikokuwa Mabwe. Wachungaji wanaume walikuwa wakiuzungukia mbali mlima ule kwa heshima. Sisi hatukuzijua njia zao, tukapita chini yake kabisa. Ndipo ng'ombe wakagoma.

Alianza jike mkubwa mweusi, kiongozi wa kundi. Aliinua pua, akanyoosha shingo, akaacha njia na kuanza kupanda mawe kama mbuzi. Wengine wakamfuata. Tulipiga kelele, tulipiga fimbo, wapi! Tulipowafikia, jike lile lilikuwa limeingiza kichwa na mabega pangoni, linalamba ukuta.

Wanawake wote wakasimama kwa mbali. Shangazi Sechelela mwenyewe alishusha mtalimbo akautegemea.

"Ameshaharibu huyu," akasema. "Jamani, nani atamtoa? Mimi siingii humo. Tumbo langu bado nalihitaji."

Mama yangu hakuwa msemaji. Alimwangalia ng'ombe yule akilamba na kulamba, kisha akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei: "Wifi, leo sisi ni nani?"

"Ni nani vipi?"

"Leo. Mpaka jua litue. Sisi ni wanawake au wanaume?"

Wanawake wakaanza kutazamana, na nikaona jambo linapita kutoka uso mmoja hadi mwingine kama moto unavyoshika nyasi.

"Wifi," akasema Shangazi mwishowe, "wewe unanyamazaga kumbe unapika mambo."

Mama akaingia. Akamsukuma ng'ombe kando, akapapasa ukuta, akavinusa vidole. Vilikuwa vimelowa. Akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka: "Mama mkwe amesema kina kifua. Mimi nataka kuona kifuani mna nini. Sitaki kumwacha yule mzee."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Hakuna aliyepiga kura. Akamwomba Shangazi kibuyu cha ugoro, akamimina kidogo kiganjani, akawa anauachia mbele ya nyufa, hapa, na hapa, na pale. Chini ugoro ulianguka tu. Kwenye kona ya juu mkono wa kulia ulirushwa wote nyuma kwa pumzi, ukatuingia machoni na puani, na pango zima likajaa chafya. "Hapo," akasema Mama huku machozi yakimtoka. "Tuchimbe hapo."

Tulichimba kuanzia juu, maana anayechimba ukuta kuanzia chini anajijengea kaburi, hilo kila aliyewahi kuchimba kisima cha korongoni analijua. Shangazi alichokonoa kwa mtalimbo, Mama alivuta mawe, wengine wakapanga mstari mpaka nje wakapokezana, jiwe likitoka mkono hadi mkono kama matofali kwenye ujenzi. Udongo tuliutoa kwa shuka zetu za lubega. Mwanzoni kila jiwe lilipotoka tulikuwa tunanyamaza kusikiliza kama kuna atakayekasirika. Baadaye tukachoka kuogopa. Mtu hawezi kuogopa na kubeba mawe kwa wakati mmoja, mikono haitoshi.

"Hili ni zito kama mahari yangu!" Shangazi alilalamika.

"Mahari yako ilikuwa kuku," akajibiwa huko nyuma ya mstari. Kicheko kikatembea mpaka nje.

Jua lilipopita utosi, jiwe moja kubwa likacheza. Mama akapiga kelele, "Wifi, toka!" Shangazi akaruka, mtalimbo ukamponyoka, na jiwe likaporomoka na udongo wake wote, likabingirika likakwama pale pale alipokuwa amesimama. Vumbi. Kukohoa. Vumbi lilipotua, tukaona tundu jeusi, upana wa ungo, na pumzi iliyotoka humo haikuwa pumzi tena, ulikuwa upepo wenye harufu ya mvua ya kwanza.

Mabega ya watu wazima hayakupita. Shangazi alijaribu akakwama, tukamvuta miguu. Kisha macho yote yakanigeukia mimi, niliyekuwa mwembamba kama fito.

Mama akanishika uso kwa mikono iliyojaa udongo. Aliniambia naweza kukataa. Nilimfikiria Bibi na madebe yake. Nikasema nitaingia. Wakanifunga kiunoni kamba ya ndama, wakanipa kienge cha nyasi kinachowaka, na Mama akaninong'oneza: "Piga hodi kwanza. Nyumba ya watu ile."

Nikatambaa. Mawe yalinikwaruza tumbo na mgongo kwa pamoja. Kisha mikono yangu ikagusa hewa, hakuna chini, hakuna mbele. Nikakumbuka adabu yangu, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Hodi!"

Na wakajibu. "Hodi! Odi! Odi... di..." Sauti nyingi, nzito kwa nyembamba, kutoka mbali, kutoka juu, kutoka nyuma kabisa ya mlima.

Nyuma yangu nilisikia mayowe. Baadaye niliambiwa mstari wote ulitimka. Shangazi Sechelela, yule shujaa wa asubuhi, alijilaza chini akafunika kichwa kwa kibuyu cha ugoro, analia, "Wako nyumbani! Jamani wako nyumbani, mvuteni mtoto!" Kamba ikaanza kunivuta kiuno.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama, imetulia kabisa: "Acheni kamba. Wifi, nyamaza ufikiri. Ukibisha hodi kwa mtu, mwenye nyumba anajibuje?"

Kamba ikalegea.

"Anajibu karibu," akasema Mama. "Mwenye nyumba hajibu hodi kwa hodi. Mle hamna mtu. Mle mna nafasi." Kisha akaniita kwa jina langu. "Mwanangu, endelea. Ni pakubwa tu."

Nikaendelea. Nikashusha miguu, nikakuta mwamba, nikainua kienge. Sijui niseme nini. Kwa wakati ule jengo kubwa kuliko yote niliyoyajua lilikuwa kanisa la misheni. Kanisa lile lingeingia mle na kengele yake na likabaki na pa kugeukia. Dari lilipanda mpaka moto wangu haukulifikia, na huko juu kabisa ufa mwembamba ulileta mstari wa mwanga wa samawati, kama uzi ulioshushwa kutoka mbinguni. Hakukuwa na mifupa. Hakukuwa na wazee waliokaa na hasira zao. Na chini ya mstari ule wa mwanga, kutoka ukuta hadi ukuta, maji. Maji matulivu hata nilidhani ni sakafu, mpaka tone lilipodondoka na sakafu ikafanya duara.

Nilipiga magoti nikanywa kama ndama. Ndipo nikapiga kelele, "Maji!" na mlima mzima ukanisaidia kusema.

Vigelegele vya wanawake wale, jamani! Nimesikia vigelegele vya harusi, vya uhuru, vya wajukuu kuzaliwa. Havijafikia vile. Walipanua tundu kwa mtalimbo mpaka akapita Mama, akapita Shangazi ("Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema, sisi tukamwangalia tu), na vibuyu vikaanza kutoka mkono hadi mkono kwenye mstari ule ule uliotoa mawe. Mlangoni tukafinyanga udongo tuliouchimba tukatengeneza hori, na ng'ombe wakanywa wakisukumana.

Vigelegele vilifika kijijini. Wanaume walidhani mtu amekufa au amezaliwa, wakaja mbio kama walivyo, na kanga zao, na unga wao, na baba na mtoto mgongoni. Mzee Chilewa ndiye aliyefika wa kwanza mlangoni. Alipoona mawe ya ukuta yamepangwa nje kama vyombo vya kuoshwa, alinyoosha kidole.

"Tokeni humo!" akasema. "Tokeni sasa hivi! Nani amewaruhusu?" Akainua mguu kuvuka.

Shangazi Sechelela akasimama mlangoni, matope mpaka kwenye nywele, mtalimbo mkononi. "Simama hapo hapo, mama. Mwanamke haingii pango la Mabwe."

"Mimi ndiye mwenye pango!"

"Kesho. Kesho jua likichomoza, mzee wangu, nitakupigia shikamoo, utaingia nami nitakaa nje. Leo wewe ni mwanamke. Au umeshakuwa mwanaume? Sema tu. Sema hapa mbele ya watu, mkosi urudi zizini kwako."

Mzee Chilewa alishusha mguu. Akamwangalia baba. Baba akaangalia kanga kifuani mwake. Hapo ndipo lingeweza kutokea lolote, kwa sababu walikuwa wengi, na walikuwa na nguvu, na hakuna aliyewashika. Jike jeusi lilikuwa linakunywa pembeni ya Mzee Chilewa, tumbo limeanza kuvimba vizuri, naye akaliangalia.

Kisha akafanya jambo. Alipiga magoti. Pale kwenye vumbi, kama wanawake wa kwetu wanavyopiga magoti kupokea kitu kwa waume zao, akakinga viganja viwili pamoja, akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila mzaha hata kidogo: "Basi, waume zetu, tunaomba maji."

Mama ndiye aliyempa. Hakucheka. Alimpa kibuyu kwa mkono wa kulia, naye mzee akanywa, machozi na maji vikichuruzika pamoja kwenye ndevu zake. Mmoja mmoja, nyuma yake, wanaume wa kijiji chetu wakapiga magoti.

Jioni tuliutupa mkosi machweo tukiimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, na jua lilipotua tukavua lubega. Keshoye kila mtu akawa alivyokuwa, ila Mzee Chilewa alitangaza kwamba njia ya kwenda majini haina mwanaume wala mwanamke. Kondoo mweusi akachinjwa kuwashukuru wazee. Wapo waliosema wazee wale walikuwa wamekaa juu ya maji yetu miaka yote wakisubiri wajukuu wajiongeze. Wapo waliosema hawakuwahi kuwamo. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia na sina jibu. Nilipiga hodi, na sikufukuzwa.

Nimezeeka sasa, na nyonga imeanza kunisumbua kama ilivyomsumbua Bibi, kwa hiyo naliwaza jambo hili kuliko zamani. Nilidhani siku ile tuliwashinda wanaume. Siku hizi namwona Mzee Chilewa pale mlangoni, na naona kwamba angeweza kutuvuta kwa nywele na kesho yake tungepika kama kawaida. Alichagua kuishika mila hata ilipomgeukia, na mama yangu naye aliishika hivyo hivyo, kwa mkono mwingine. Watu wawili walioogopa kuivunja mila moja, kila mmoja kwa upande wake, ndio waliotunywesha.

Hatukuhama. Bibi aliletewa kibuyu kitandani jioni ile ile, akanywa, akalamba midomo, akasema maji yana baridi mno kwa meno yake. Aliishi masika mengi baada ya hapo. Alifia nyumbani kwake, sisi sote tukiwa tumemzunguka, ng'ombe wakiwa zizini, akilalamika kwamba mama yangu ameweka chumvi nyingi kwenye mlenda. Na mama yangu, siku tuliyomzika, alilia kuliko mtoto yeyote aliyetoka tumboni mwa Bibi.